Mahari ya Korongo

Mume wangu Jairus Sifuna ni mtu wa heshima zake. Hanywi, hapigani, na kanisani anakaa mstari wa pili. Kasoro yake ni moja tu: L na R hazijawahi kuelewana mdomoni mwake. Wali anaita wari, barua anaita balua. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Myanga, Bungoma, na kazi ya kumsahihisha niliianza siku aliyokuja kunitongoza akaniambia ati ananipenda kweri kweri. Nilicheka mpaka nikakubali. Nehemiah wetu sasa ni mtu mzima na ana kazi Nakuru, na kazi yangu bado haijaisha.

Kitu cha pili cha kujua juu ya Jairus ni ndege. Si hizi za kubeba abiria, ni wale wa manyoya. Yeye ni mtu wa ofisi ya maji, na wenzake wakipewa likizo wanaenda kumalizia nyumba zao. Wangu ananing'iniza darubini shingoni na kupotelea kwenye vinamasi. Darubini yenyewe aliinunua mtumba huko Kitale, jicho moja lina ukungu, lakini mguse kuhusu kuibadilisha uone. Utadhani umemwambia abadilishe mke.

Sasa mwezi huu wa nane alirudi kutoka safari ya kazi upande wa Kachibora, akakaa mbele ya ugali bila kuugusa. Hiyo kwetu ni dalili ya ugonjwa. Nikamuuliza, akanieleza. Alikuwa amepita kando ya shamba la mkulima mmoja anayeitwa Zachary Wanyoike, na huko chini kwenye kinamasi akaona korongo wawili, wale wenye taji kichwani, wakitembea na vifaranga vyao viwili. Alisimama hapo mpaka dereva wa ofisi akapiga honi. Lakini mwenye boda mmoja aliyekuwa hapo akamwambia aangalie vizuri mara ya mwisho, kwa sababu Jumatatu ijayo Wanyoike analeta trekta kuchimba mtaro, akaushe maji yote apande kabeji. Vifaranga bado havina mbawa za kuruka. Maji yakiondoka, mbwa wataingia kwa miguu mikavu na kuvimaliza.

"Na mwaka ujao hawatarudi," Jairus aliniambia. "Kolongo akifukuzwa mara moja, amefukuzwa."

Nilimwambia si ampigie simu huyo mwenye shamba. Kinamasi si cha Jairus, lakini ulimi ni wake. Alitafuta namba kwa yule mwenye boda, na jioni ya Jumatano akapiga. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga ya murere, nikamsikia akijitengeneza koo kama mtu anayetaka kuhubiri.

"Mimi naitwa Sifuna, natoka Bungoma," alisema. "Mzee, kuna kitu kizuri sana nimekiona hapo kwako. Naomba nije Jumamosi na bibi yangu, tukae na wewe tuongee juu ya mahari."

Nikapaza sauti kutoka jikoni kwamba ni mahali, baba Nehemiah, mahali, na L. Akanipungia mkono ninyamaze. Alipokata simu alikuwa anatabasamu. Akaniambia yule mzee aliuliza ni Bungoma sehemu gani, na kama sisi ni watu wa kanisa, na kama tunakula mbuzi. Mwisho akasema karibuni sana, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. Jairus aliona hapo Mungu ameingilia kati. Ati huyu mkulima ni mpenda ndege, ni vile tu hajajijua.

Kusema kweli nilipaswa kushtuka hapo. Ni nani anachinja mbuzi kwa sababu ya kinamasi? Lakini mimi nilikuwa na mawazo ya gambuti zangu, ya kushoto inavuja, na nikaliacha jambo lipite.

Jumamosi tulitoka Myanga kukiwa bado kuna giza, kwa hii Probox yetu ambayo mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Kitale tulikunywa chai ya haraka. Nikanunua sukari, majani ya chai na mikate, kwa sababu mimi sikulelewa kuingia kwa watu mikono mitupu. Jairus alinihimiza tu, kila dakika akitazama saa. Kutoka Kitale kwenda Kachibora mahindi yalikuwa yameanza kukauka pande zote za barabara, na juu ya waya za stima mbayuwayu walikuwa wamepangana wakiota jua la kwanza. Mtu wangu anaendesha gari huku akiangalia juu. Niliomba sala zote ninazozijua.

Alitaka tupitie kinamasini kwanza, ndio akienda kuongea na mzee awe na la kusema. Tukaliacha gari kando ya barabara, nikavaa gambuti, tukashuka. Nilinung'unika, sikatai. Nyasi zilikuwa na umande mpaka kiunoni, na gambuti ya kushoto ilifanya kile kitu chake mara moja. Jairus mbele ananong'ona majina kama mtu anayesalimia wajomba. Yangeyange huyo kando ya ng'ombe. Mdiria huyo juu ya tete, ametulia anangoja samaki. Kwarara wale wanaopiga kelele, ila yeye aliwaita kwalala, nikamwambia hao hawajalala, sikiliza kelele zao. Akacheka bila sauti. Pale maji yanapoingia ndani ya matete na kufanya kama kijidimbwi cha pembeni, akaniwekea mkono begani nisimame.

Walikuwa pale. Sijui niseme nini. Nimewaona korongo kwenye vitabu vya shule miaka yote, na kwenye picha ni ndege tu. Hawa walikuwa warefu, wametulia, kila mmoja na lile taji la dhahabu limeshika jua. Katikati yao kulikuwa na vitu viwili vya rangi ya kahawia, miguu mirefu kuliko akili, vinajikwaa kwenye majani. Kimoja kilianguka, kikaamka, kikajifanya hakuna kilichotokea. Halafu yule baba akafungua mabawa na kuruka juu kidogo, akatua, akainamisha kichwa, na mama akamjibu vilevile. Wakacheza hivyo, wawili peke yao, asubuhi hiyo, hakuna harusi wala nini. Machozi yalinitoka na sioni haya kusema. Nilimpokonya Jairus darubini na kumwambia tukimwachia huyo mzee achimbe mtaro wake, mimi nitalala mbele ya trekta.

"Ndiyo ninakupendea hivyo, Mwalimu," akasema.

Basi tukaenda kwa Wanyoike, matope mpaka magotini. Ile kufika getini, tukalikuta limefungwa, na nyuma yake wanawake wamejipanga wanaimba. Waliimba Kikikuyu na kupiga makofi, wakatuangalia gambuti, wakaimba zaidi. Ndani kulikuwa na tenti nyeupe. Harufu ya mbuzi ilikuwa inatoka nyuma ya nyumba. Nilimwuliza Jairus kwa chini kama tumeingilia matanga ya watu. Akasema matanga gani yana puto. Nikaona nitoe ile sukari na mikate, na palepale geti likafunguka na vigelegele vikapanda mpaka milima ya Cherangany.

Mama wa nyumba, Rosaline, alinikumbatia pamoja na matope yangu. Akanishika mkono, hakuuachia, akaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Tulikuwa wawili upande mmoja, na upande ule mwingine kumejaa watu. Katikati alikaa Zachary Wanyoike na koti lake la Jumapili, na pembeni yake mamaye, shosho mmoja mdogo wa mwili anayeitwa Wakonyo, ameegemea fimbo, macho makali. Tukaombewa, tukapewa chai. Rosaline alikuwa akiniita muthoni. Mimi nina marafiki wa Kikuyu hapa Bungoma sokoni, na neno hilo nalijua. Ni mkwe.

Nikakumbuka simu ya Jumatano. Mahari. Na huyu naye, kwao Kikuyu hawana L kabisa, angejuaje? Mgonjwa wa R alikuwa amempigia simu mgonjwa wa R. Nikaupiga teke mguu wa Jairus chini ya kiti. Akasogeza mguu, akidhani nahitaji nafasi.

Wanyoike akasimama, akakohoa, akaongea ile lugha ya posa.

"Wageni wetu, sisi ni watu wa kuuriza," alisema. "Mmepotea njia, ama kuna kitu mmeona katika boma hiri?"

"Hatujapotea," Jairus akajibu. "Tumeona ndege."

Vigelegele vikalipuka. Nieleze kwa asiyejua: ukienda posa kwao, na hata kwetu Wabukusu, hakuna mtu anatamka moja kwa moja kwamba anataka msichana. Unasema umepotelewa na mtamba, ama umeona ua, ama kuna ndege mzuri ametua bomani. Kwa hivyo mume wangu, bila kujua, alikuwa amefungua mazungumzo kama mzee wa ukoo. Nikampiga teke la pili. Akaniangalia akatabasamu, anafikiri nampongeza.

Wanyoike akauliza kwa sauti ya kuridhika ni ndege wa namna gani.

"Ni mlefu," Jairus akasema, na uso wake ukawaka. "Shingo nzuri, miguu milefu, anatembea pore pore kama hana halaka ya dunia. Nimezunguka Trans-Nzoia yote sijaona kama yeye. Na akicheza, mzee, ndipo ananimaliza."

Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Karibu na mlango wa jikoni alisimama msichana mrefu, amefunikwa leso mabegani, anaangalia chini. Nikamjua bila kuambiwa. Rosaline akaninong'onezea kwa furaha kwamba kweli binti yake Gathoni huwa anaongoza kwaya kwa kucheza, na ati tangu Pasaka amewaambia ana rafiki Bungoma, Derrick, na walikuwa wamengoja sana watu wa Derrick wajitokeze. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na gambuti zangu.

Wanyoike aliuliza kama ndege huyo tutamtunza.

"Mimi si shida," Jairus akasema. "Shida ni Jumatatu. Nasikia Jumatatu unataka kumfukuza kwake. Yeye na watoto wake wawiri."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Rosaline aliuachia mkono wangu, akageuka polepole kumtazama Gathoni.

"Watoto gani?" Wanyoike aliuliza.

"Hao wawiri wadogo," Jairus akasema, na huruma imemjaa usoni. "Si umewaona? Bado hata hawajaota manyoya."

Aliyecheka kwanza ni Gathoni. Alishika magoti, akainama, leso ikaanguka, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Aliniambia baadaye kwamba wiki nzima alikuwa akigombana na Derrick kwa simu kwa nini ametuma watu bila kumwambia, na Derrick akiapa hajui lolote. Na sasa akaonyesha kule chini, ng'ambo ya mahindi, akasema baba, hawa wamekuja kwa sababu ya korongo. Kicheko kikashika tenti kiti kwa kiti. Lakini Wanyoike hakucheka. Alibaki amesimama na koti lake la Jumapili, na nikaona aibu inageuka hasira.

Alisema ameita ukoo, amechinja mbuzi, amevaa, na sasa anaambiwa ni ndege. Alisema trekta itakuja Jumatatu, na kama inawezekana itakuja hata kesho.

Nikasimama. Niliomba msamaha kwa niaba yangu, ya mume wangu, na ya alfabeti. Nikaeleza mahali na mahari, nikatamka pole pole kama niko darasa la tatu. Nilipomaliza nilimwona Wanyoike ananitazama kana kwamba nimetamka neno moja mara mbili. Jairus naye akainuka, akavua kofia. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo, hata siku alipokuja kwa baba yangu.

"Mzee, sikuja kukuchezea," alisema. "Na shamba ni rako, siwezi kukuambia usirime. Lakini hao ndege hawaoi mara mbiri. Wakipatana wamepatana mpaka kifo, na kila mwaka wanarudi kuzaa hapo hapo. Waritafuta dunia nzima wakachagua kwako. Mimi ningechaguliwa hivyo, ningechinja mbuzi."

Ndipo shosho Wakonyo akagonga fimbo chini. Aliongea Kikikuyu, na Gathoni akatutafsiria huku akifuta machozi ya kicheko. Shosho alisema yeye ni mzee na hajawahi kuona watu wakija na sukari getini, waimbiwe, wakae, wataje mahari mbele ya ukoo, halafu warudishwe mikono mitupu. Hiyo ni laana. Mbuzi ameshaiva na hawezi kurudi zizini. Kama wageni wamemchagua yule wa kinamasini, basi ni huyo wamechagua, na mambo yafuate njia yake. Kwao mtu akimtaka msichana, kwanza anapanda tawi kwao msichana. Likishapandwa, huyo msichana ana wenyewe, hachezewi na hafukuzwi kwake. Kwa hivyo huyu mwanamume akate tawi.

Wanyoike alifungua mdomo kumbishia mamaye, akaufunga. Alikaa akifikiria, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

"Na mahari yake?" akauliza. "Msichana wangu haendi bure. Nirikuwa nimehesabu kabeji hapo."

Walijadiliana hapo hapo, na sasa wazee wote wakaingia ndani ya mchezo kwa mioyo yao yote. Jairus akaulizwa ana nini. Akasema ana mikono, na kazini anajua kupeleka maji mahali yanapotakiwa. Shauri likakatwa hivi: kule juu ya nyumba kuna kipande kimekaa mwitu. Jairus atakuja Jumamosi kwa Jumamosi kukilima na kukiwekea mfereji mdogo kutoka kwenye tangi, na kabeji zitapandwa huko. Mzee mmoja akauliza kama bwana harusi amekuja na mtu wa kumsaidia. Wote wakaniangalia mimi. Hivyo ndivyo nami nilivyopewa jembe, ati mwalimu mzima.

Baada ya kula, na tulikula, tulishuka wote kinamasini. Mavazi ya posa kwenye matope. Shosho alibebwa mgongoni na mwanawe, akimwelekeza kwa fimbo apite wapi. Jairus aliwasimamisha watu mbali, akawaonyesha kwa mkono wakae kimya, na ukoo mzima ukatii. Darubini yenye ukungu ikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Kila aliyechungulia alitoa sauti ileile ya chini. Wanyoike aliishika muda mrefu kuliko wote. Amelima hapo miaka, akasema, na hajawahi kuona kwamba wana macho ya rangi ile. Kifaranga kimoja kikaanguka tena, na Rosaline akasema pole, mama, kama anavyomwambia mtoto wa binadamu.

Gathoni alikuwa pembeni na simu sikioni. Nilimsikia akimwambia Derrick kwamba wageni wa Bungoma wamemtangulia, wamekula mbuzi, na wamechukua msichana wa kwanza wa boma. Sasa yeye anakuja lini? Sikusikia jibu, lakini alivyogeuka kucheka nilijua mbuzi mwingine aanze kujiandaa.

Jairus akachimba shimo dogo ukingoni, akasimamisha tawi lake, akalikanyagia udongo kwa gambuti zote mbili. Vigelegele safari hii vilipigwa kwa kunong'ona, korongo wasishtuke. Wanyoike akatoa simu, akampigia mwenye trekta, akamwambia Jumatatu asije. Mtu huyo alimuuliza kwa nini, maana tulisikia Wanyoike akimjibu kwamba kuna watu wameshaleta posa.

Akarudisha simu mfukoni. Akasimama kando ya mume wangu, wote wawili wanaangalia maji.

"Na siku ire," akamuuliza, "urikuwa unataka kusema nini hasa?"

Jairus aliniangalia. Akaukusanya ulimi wake, akaupanga nyuma ya meno kama nilivyomfundisha miaka yote.

"Ma-ha-li," alisema, na ilitoka safi.

"Si ndiyo nirisikia," Wanyoike akasema. "Mahari."

Wote wawili wakanigeukia mwalimu niamue. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Huko nyuma yao tawi lilikuwa limesimama kwenye matope, na nyuma ya tawi korongo mmoja amefungua mabawa yake, anaanza kucheza.

"Mmesema sawa," nikawaambia. "Ni neno moja."